AC ya gari kuukuu: kubadilisha gesi si kuongeza gesi

Wasomaji, leo msimbo naweka kando kidogo. Nataka tuongee kuhusu AC za magari ya zamani, maana huko gereji kuna mchezo ambao mtu yeyote aliyewahi kuhamisha mfumo wa kompyuta ataujua mara moja. Fundi anabadilisha kitu kimoja, anaacha vingine vyote kama vilivyokuwa, halafu anakwambia kazi imekwisha.

Historia kwa ufupi. Magari yaliyoundwa kabla ya miaka ya tisini yalitumia gesi ya R12. Gesi hiyo haiwaki moto na inapoza vizuri sana. Ubaya wake ni klorini. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi za jamii hiyo zikifika juu angani huvunjwa na miale ya jua, na klorini inayotoka hula tabaka la ozoni. Mwaka 1987 Mkataba wa Montreal ukatiwa saini. Nchi tajiri ziliacha kuitengeneza kufikia 1996, sisi tukapewa hadi 2010. Magari mapya yakahamia R134a, ambayo haina klorini.

Sasa mtego uko hapa. R12 huchemka kwenye nyuzi 30 chini ya sufuri, R134a kwenye nyuzi 26 chini ya sufuri. Ukiangalia namba hizo tu, utasema ni ndugu, toa hii tia ile. Lakini gesi haifanyi kazi peke yake. Tazama vinavyoizunguka:

1. Oili. Kompresa ya R12 hulainishwa na oili ya madini. R134a haichanganyiki na oili hiyo, kwa hiyo haiibebi kuirudisha kwenye kompresa. Oili inabaki imelala kwenye mabomba, kompresa inazunguka kavu. Lazima itolewe, iwekwe ya esta au ya PAG. Kwa gari kuukuu mimi naona heri esta, kwa kuwa inavumilia zaidi mabaki ya oili ya zamani.

2. Oringi na mipira. Molekuli za R134a ni ndogo zaidi, hupenya pale ambapo R12 haikupenya. Kila kiungo kinachofunguliwa kiwekwe oringi mpya zinazofaa, na mpira uliochoka ubadilishwe.

3. Draya. Ule mkebe wa kunyonya unyevu una kemikali iliyochaguliwa kwa gesi yake. Weka mpya inayokubali R134a.

4. Kipimo. Kwa kawaida R134a huwekwa asilimia 80 hadi 90 tu ya uzito wa R12 ulioandikwa kwenye gari. Ukijaza kipimo cha zamani, presha inapanda na ubaridi unapungua.

5. Hewa na unyevu. Kabla ya kujaza, mfumo unyonywe kwa pampu hadi ubaki mtupu, nusu saa au zaidi, kisha uangaliwe kama unashikilia.

Na kuchanganya je? Ukiweka R134a juu ya R12 iliyobaki, presha ya mchanganyiko huzidi ya kila moja ikiwa peke yake. Isitoshe, mtungi wa fundi atakayeivuta baadaye unachafuka, na huo uchafu unaweza kuishia kwenye gari la mtu mwingine kabisa.

Waliotunga viwango waliliona hili mapema. Ndiyo maana mdomo wa kujazia R12 ni wa kusokota, na wa R134a ni wa kubana, tena wa saizi nyingine. Sisi waandishi wa programu tunakijua kitu hicho: ni kosa linalokataliwa kabla programu haijaanza kukimbia. Adapta ina mahali pake halali. Hufungwa mwisho wa kazi, ikabaki hapo daima, pamoja na kibandiko kinachosema gesi gani, oili gani, kiasi gani, tarehe gani. Adapta inayotolewa mfukoni ili kujaza gesi haraka na kurudishwa mfukoni ni njia ya kunyamazisha onyo tu.

Mjomba wangu kule Mombasa ana Mercedes ya 1988. Gereji moja ilimwongezea gesi mara tatu, na kila mara alilipa. Ya tatu kompresa ikakwama. Ilipofunguliwa, oili ilikuwa ile ile ya madini na draya ilikuwa ile ya zamani. Pesa alizotoa kidogo kidogo zingetosha oili, oringi na draya, na kompresa ingekuwa hai.

Najua jibu la mafundi: mteja hataki kulipia kazi yote. Ni kweli, na wengi hawana hata mashine ya kuvuta gesi kuukuu. Lakini basi mteja aambiwe ukweli aamue mwenyewe. Kama pesa haitoshi mwezi huu, afungue madirisha asubiri. Kazi nusu ndiyo ghali kuliko zote.

Mkidhani haya ni ya wenye magari ya makumbusho, ngojeni. R134a nayo inaondoka. Haili ozoni, lakini hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,400 ya kaboni dioksidi kwa uzito ule ule, na Marekebisho ya Kigali ya 2016 yanaibana. Ulaya iliikataza kwenye magari mapya yote tangu 2017, na wengi wakahamia R1234yf. Sisi huagiza magari yasiyozidi miaka 8, kwa hiyo yenye gesi hiyo yanafika. R1234yf ni ghali na mdomo wake ni tofauti tena. Mnadhani adapta ya mfukoni itachelewa?

Kwa hiyo kabla ya kulipa, muulize fundi: gesi ya zamani inaenda wapi, oili gani inaingia, na kibandiko kiko wapi? Akicheka swali la tatu, chukua ufunguo wako uende. Kibandiko ni karatasi na kalamu tu. Asiyeandika alichoweka amemwachia fundi wa kesho kubahatisha, na gharama ya kubahatisha huko ni yako wewe mwenye gari.