Kiwiko kilichovimba si jipu: tuache wembe, tulinde mikono ya wachimbaji

Tunapozungumzia hatari za machimbo yetu, tunafikiria mara moja mashimo yanayoporomoka na kufukia watu. Ni haki, kwa sababu vifo hivyo vinaumiza jamaa nyingi. Lakini kuna maumivu mengine ambayo hayafiki kwenye redio. Kule Kamituga, katika Kivu Kusini, au Rubaya, katika Kivu Kaskazini, mchimbaji anapita katika njia nyembamba chini ya ardhi akitambaa kwa magoti na viwiko. Siku moja anaona uvimbe laini nyuma ya kiwiko, mara nyingine mkubwa kama yai. Wenzake wanatoa shauri palepale: hilo ni jipu, lipasuliwe. Mwingine anasema ni sumu. Wembe unatafutwa.

Maoni yangu ni haya: wembe huo ni hatari kuliko uvimbe wenyewe. Na wale wanaopata faida katika mashimo wasiseme kwamba kiwiko cha mchimbaji hakiwahusu.

Tuelewe kwanza kitu kilichovimba. Kati ya ngozi na ncha ya mfupa wa kiwiko kuna kifuko kidogo chenye maji kidogo sana. Kazi yake ni kusaidia ngozi iteleze juu ya mfupa bila kukwaruzwa. Mtu akikiegemea kiwiko saa nyingi kila siku, au akikigonga kwenye jiwe, kifuko hicho kinakasirika na kujaa maji. Ugonjwa huo unaitwa bursiti ya kiwiko; waganga wetu waliosoma kwa Kifaransa wanasema pia higroma. Unampata mchimbaji, lakini unampata pia fundi wa magari anayelala chini ya gari na mwanafunzi anayeegemea meza usiku kucha. Hakuna sumu hapo. Ugonjwa wa gauti nao unaweza kuuleta.

Mara nyingi uvimbe huo hauna vijidudu ndani. Maji yake ni safi. Ukiupasua kwa wembe, au kwa sindano isiyo safi, unafungulia vijidudu vya ngozi mlango wa kuingia. Uvimbe ambao ungeisha kwa wiki chache unageuka kuwa usaha, homa na kidonda kisichofunga upesi. Vijidudu vikifika katika damu, maisha yenyewe yako hatarini.

Basi mtu afanye nini? Jambo la kwanza ni kuacha kukiegemea kiwiko hicho. Aweke kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Akifunga bandeji, isibane mpaka vidole vife ganzi. Asiukande kwa nguvu wala kuukamua. Dawa ya maumivu kama ibuprofeni inaweza kusaidia, lakini mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo au mama mwenye mimba amuulize muganga kwanza.

Kuna dalili ambazo hazingoji. Kiwiko kikiwa chekundu na cha moto, maumivu yakizidi, homa ikipanda, au kukiwa na kidonda juu ya uvimbe, mtu aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mgonjwa wa kisukari asikawie hata kidogo. Na mkono ukishindwa kabisa kukunjika au kunyooka, huenda tatizo liko ndani ya kiungo chenyewe au mfupa umevunjika. Hilo linataka muganga.

Hapa nina neno kwa ndugu zetu wa farmasi. Mtu anakuja na kiwiko cha moto, anauziwa vidonge vichache vya amoksisilini, anarudi shimoni. Kijidudu kinachosababisha mara nyingi usaha wa kiwiko ni stafilokoko, na sehemu kubwa ya stafilokoko haisikii tena amoksisilini ya kawaida. Muganga anaweza kuchagua dawa nyingine, kama kloksasilini, na kutoa maji kwa sindano safi ili yapimwe. Kuuza vidonge bila kumpima mgonjwa ni kumpotezea makuta na siku zake.

Wengine watasema: mchimbaji asiyeingia shimoni leo, watoto wake hawali kesho, unamwambia apumzishe mkono wapi? Ni kweli, na ndiyo maana siwezi kumwachia mchimbaji peke yake mzigo huu. Katika nchi kama Uingereza, uvimbe huu wa viwiko unahesabiwa kati ya magonjwa yanayoletwa na kazi. Kwetu, sheria ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya usalama wa jamii inazungumzia pia magonjwa ya kazi, lakini mtu wa shimoni asiye na mkataba anabaki nje ya ulinzi huo. Anayebaki kumsaidia ni PDG wa shimo na koperative yake.

Nao hawaombwi mambo makubwa. Kipande cha sponji kilichoshonwa ndani ya mpira wa tairi la zamani na kufungwa kwenye kiwiko kinapunguza sana mgandamizo. Fundi wa viatu anaweza kukitengeneza. Njia ya shimo ikipanuliwa kidogo, mtu anatambaa kidogo. Mwenye uvimbe anaweza kupewa kazi ya juu kwa wiki mbili au tatu, bila kufukuzwa kwenye timu. Maajenti wa SAEMAPE, ambao kazi yao ni kusimamia wachimbaji wadogo, waulize habari za viwiko na magoti wanapotembelea machimbo, si habari za kilo tu.

PDG anajua kununua mashine mpya ya kuvuta maji pale ya zamani inapokufa. Mkono wa mchimbaji haununuliwi sokoni. Ukiharibika kwa sababu ya wembe, jamaa nzima inakosa chakula. Tuulinde kabla haujavimba, na ukivimba, tuupeleke kwa muganga.