Bahasha ya Nauli

Wako wanaonilaumu kwamba nimewageuka wachapishaji wa vitabu vya shule. Wanasema sisi tunaohakiki vitabu hivyo magazetini na redioni tu wachache, tunafahamiana, basi tusitiriane. Nakataa. Uchache wetu ndio unaozidisha deni: mzazi wa Kibondo akisikia mwalimu mstaafu amekisifu kitabu, anauza kuku akinunue. Hana wa kumuuliza mara ya pili.

Nasema haya nikiwa mkosaji. Mwaka 2004 nilialikwa kwenye uzinduzi wa kitabu cha hesabu cha ziada. Mtunzi alikuwa mwanafunzi wangu chuoni. Tulikula pilau, nikapewa bahasha, eti nauli. (Nyumbani kwangu hadi ukumbini ni mwendo wa miguu.) Nilikuwa nimesoma sura tatu tu, nikakisifu chote redioni.

Baada ya miezi michache alinijia mwalimu mmoja wa kike. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Akafungua kitabu: 3/4 + 1/8 = 4/12. Mtunzi alikuwa amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini! Yaani mtu ana robo tatu ya mkate, unamwongezea kipande, anabaki na theluthi. Jibu ni 7/8. "Nikiwasahihisha," akasema, "watoto wananiambia kitabu kimesema, na wewe mwalimu umekisifia."

Wenzangu hujitetea kwamba kitabu kikishapata ithibati, mhakiki hana lawama. Ithibati gani? Kamati ya EMAC, iliyoundwa mwaka 1999, ilikuwa ikitoa ithibati. Mwaka 2013 makosa ya vitabu yakalalamikiwa Bungeni, nayo ikavunjwa. Mhakiki anayeegemea muhuri wa mwingine anahakiki nini?

Wapo pia vijana wanaodhani ukali ni kumtukana mtunzi, kabila lake na shule aliyosoma. Huo nao si uhakiki. Taja ukurasa, taja kosa, toa jibu sahihi, nyamaza.

Mimi nilirudi redioni, nikataja ukurasa, nikataja na bahasha. Tangu hapo kila ninapohakiki naeleza kwanza kitabu nimekipataje. Mialiko ya uzinduzi imekwisha, na yule mtunzi tulikutana msibani mwaka uliofuata. Alinipa mkono, lakini shikamoo hakunipa.