Ufundi Nyumbani: Helikopta Ndogo ya Umeme

Mpunga ukisha kuuzwa, fedha huingia nyumbani, na watoto nao huleta maombi yao. Zamani kijana wa Chita aliomba kaptula mpya au mpira wa kuchezea. Siku hizi yupo aombaye helikopta ndogo ya umeme, ile iongozwayo kwa rimoti, kwa kuwa ameiona katika simu ya kaka yake. Baba hukuna kichwa. Je, huu si upuuzi mtupu? Na kama si upuuzi, anunue ipi?

Si upuuzi, mradi ichaguliwe kwa akili. Mwaka 2018 chombo kisicho na rubani kilipeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, mwendo wa kilometa 60, kwa dakika 40 hivi. Mwaka 2019 huko Cheju, Unguja, chombo chenye mapanga manane kilinyunyizia mashamba ya mpunga kimiminika kitandacho juu ya maji na kuwazamisha viluwiluwi wa mbu wa malaria. Sisi wa bonde la Kilombero twajua vema jinsi mpunga na mbu wakaavyo pamoja. Kazi za namna hiyo zataka vijana wenye macho makini, vidole vitulivu na ujuzi wa betri. Hayo yote kijana aweza kuyaanza na helikopta ndogo.

Kwanza na aelewe jinsi irukavyo. Ukisimama ndani ya mtumbwi na kujipinda ghafula kuelekea kulia, mtumbwi wageuka kushoto. Helikopta nayo ndivyo ilivyo: mapanga yakizunguka upande huu, mwili wataka kuzunguka upande ule. Kuna dawa mbili. Ya kwanza ni kuweka panga dogo mkiani liuzuie mwili. Ya pili ni kuweka mapanga mawili makubwa, moja juu ya jingine, yazungukayo kwa kupingana, nayo nguvu zao zikasawazishana.

Kwa mwanafunzi, nunua hii ya mapanga mawili yapandanayo. Hutulia hewani yenyewe, na kijana akikosea hupata nafasi ya kujirekebisha. Ile ya panga moja na mkia hugeuka upesi na yafaa kwa aliyekwisha zoea. Ipo pia ile ambayo mapanga yake hubadili mlalo yakiwa yanazunguka. Hiyo ni ya mafundi. Mwanafunzi ataivunja siku ya kwanza.

Pili, tazama rimoti. Zipo zinazotumia mwanga usioonekana kwa macho, kama rimoti ya televisheni. Hizo ni za ndani ya nyumba tu, kwa maana jua letu kali hufunika mwanga ule, helikopta ikapoteza amri na kuanguka. Tafuta yenye maandishi 2.4G juu ya sanduku. Hiyo hutumia mawimbi ya redio, na jua haliyazuii.

Tatu, kabla ya kulipa, muulize mwenye duka swali moja: “Ndugu, spea zake zipo?” Mapanga yatavunjika, hilo halina shaka. Asiyekuwa na mapanga ya akiba, wala giya, wala betri ya pili, amenunua kitu cha kuruka siku tatu na kukaa kabatini mwaka mzima. Ndiyo maana wazee husema rahisi ni ghali. Shauri langu ni hili: zigawe fedha zako mafungu matatu, mawili ya kununulia chombo, na moja uliweke kwa spea.

Sasa nafika kwenye jambo kubwa kuliko yote, nawasihi wazazi walisome mara mbili. Betri ya helikopta hizi ni ya lithiamu. Ni nyepesi na yenye nguvu nyingi, lakini ikitendewa vibaya huvimba, hutoa moshi na kuwaka moto mkali. Katika nyumba ya makuti au nyasi, moto huo hauachi kitu.

Mtambo wa Kihansi uko jirani na Chita, lakini nguzo za umeme hazifiki kila kitongoji, na wengi hutumia paneli za jua zenye betri ya volti 12. Betri ya helikopta ndogo imeandikwa volti 3.7, nayo ikijaa kabisa hufika volti 4.2. Ukiziunga moja kwa moja kwa waya, umewasha kiberiti. Tumia chaja iliyotoka sandukuni, kwa maana ndani yake mna kifaa cha kukata umeme betri ikijaa.

Shikeni na haya. Msichaji usiku mkiwa mmelala, wala mkiwa shambani. Wekeni betri juu ya sahani ya udongo au bati, mbali na mkeka na chandarua. Ikitoka kuruka, iacheni ipoe kwanza. Msiianike juani juu ya paneli. Iliyovimba haichajiwi tena, hata kama bado yafanya kazi. Nguvu za helikopta zikianza kupungua, itueni mara moja, kwa maana betri ikikamuliwa mpaka mwisho hufa. Na kama haitatumika kwa majuma kadhaa, isiwekwe ikiwa imejaa wala ikiwa tupu, bali nusu.

Kijana akizoea atataka kuiongezea nguvu. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Wengi hukimbilia betri kubwa, wakidhani itaruka muda mrefu zaidi. Lakini betri kubwa ni nzito, na mota hutumia nguvu nyingi kuubeba uzito ule. Huenda ikaruka muda mfupi kuliko awali, na mota ikaungua. Afadhali kuwa na betri mbili ndogo kuliko moja kubwa.

Utaratibu mwema ni huu. Anza na mapanga: yawe sawa kwa uzito na yasiwe na ufa, maana panga bovu huitikisa helikopta nzima. Kisha nyosha au badili mhimili uliopinda. Halafu tazama mota. Mota za bei nafuu zina vipande viwili vidogo ndani vinavyosugua na kupeleka umeme. Vikiisha, mota imekwisha. Ipo mota isiyo na vipande hivyo, idumuyo sana, lakini hiyo yataka kidhibiti chake cha umeme. Asinunue kimoja bila kingine. Na kwa ile ya panga moja, aifungie miguu ya muda: fito mbili nyepesi zilizopishana kama msalaba, zenye vitufe mwishoni, isipinduke inapotua. Vijana wetu waundao magari ya waya hawatashindwa na hilo.

Mwisho, mahali pa kurushia. Asubuhi na mapema, kabla upepo haujaamka, uani, mbali na watoto wadogo, kuku na nyaya za umeme. Mapanga yale hukata ngozi na huumiza jicho. Asirushe karibu na kambi ya JKT wala reli ya TAZARA. Tena ajue kwamba nchi yetu ina kanuni za mwaka 2018 juu ya ndege zisizo na rubani. Atakayetaka chombo kikubwa, au chenye kamera, na aulize kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga habari za kibali. Kuuliza si ujinga.

Basi, baba na mama, msimpe kijana helikopta na kumwacha peke yake. Kaeni naye siku ya kwanza anapochaji. Mwambieni aeleze kwa nini mkia unahitajika, na kwa nini volti 12 ni hatari. Akiweza kuwaeleza vizuri, mpeni rimoti. Asipoweza, sanduku na lisubiri.