Santuri ya dola 600

MPWA wangu, mwanafunzi wa chuo, alinijia juzi na kandarasi ya kurasa saba. Yeye na wenzake wana bendi, na kuna bwana mmoja aliyeahidi kuwarekodi. "Mjomba, nitie sahihi?" Nilisoma mpaka macho yakaniuma. Nyimbo zote zingekuwa mali ya huyo bwana.

Nikamsimulia habari za Fugazi, bendi ya roki ya Washington, Marekani, iliyopanda jukwaani mara ya kwanza mwaka wa 1987 na mara ya mwisho mwaka wa 2002.

Mwimbaji wao mmoja, Ian MacKaye, alikuwa na bendi nyingine alipokuwa kijana, Teen Idles. Ilivunjika 1980 ikiwa na akiba ya dola 600 hivi. Wangegawana na kila mtu akashika njia yake. Wao wakatoa santuri ndogo, nakala 1,000, na majalada wakayakata, wakayakunja na kuyabandika gundi kwa mikono yao, kama watoto wanaotengeneza bahasha. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Dischord, kampuni iliyokuja kutoa santuri za Fugazi.

Fugazi hawakuwa na meneja. MacKaye alitafuta kumbi mwenyewe kwa simu. Kiingilio kwa kawaida kilikuwa dola 5, na hata mtoto wa shule aliruhusiwa kuingia, jambo ambalo wenye vilabu vya pombe hawakulipenda. Bei ya santuri ilipigwa chapa kwenye jalada, mnunuzi asilanguliwe. Fulana hawakuuza kabisa. Mjanja mmoja akatengeneza zake zenye maandishi "Hii si fulana ya Fugazi", zikanunuliwa! Baada ya Nirvana kuvuma 1991, kampuni kubwa ziliwabembeleza. Wakakataa.

Lakini nisimdanganye mtoto wa dada yangu. Safarini walilala sakafuni katika nyumba za marafiki, na simu, hesabu na barua zilikuwa juu yao. Kuna vijana wenye vipaji ambao kazi hiyo ingewashinda kwa wiki moja.

Alinyamaza kidogo. "Mjomba, hizo dola 600 walizipataje?"

Kwenye maonyesho, nikamwambia. Kila senti waliitia katika kasha la sigara, hakuna aliyejilipa.

Akaikunja kandarasi yake, akairudisha mfukoni. Hakuitia sahihi, wala hakuichana.