Baka la Uso na Rangi ya Polepole



Binti aposwapo, nyumba hujaa furaha, udi na hina. Hata hivyo, tumewahi kuketi na mama ambaye furaha yake ilichanganyika na huzuni. Binti yake alikuwa na barasi, baka jeupe shavuni, na arusi ilikuwa imekaribia. Majirani walikwisha kumshauri auchubue uso mzima ili ulingane na baka.

Ushauri huo twaupinga. Barasi, ambayo wengine huiita mbalanga, haiambukizi. Ni ngozi iliyopoteza chembe zinazotengeneza rangi. Ama mikorogo, baadhi yake ina zebaki, nayo hudhuru figo na hata mtoto aliye tumboni.

Iko njia ya upole zaidi: kulitia rangi baka lenyewe. Zipo krimu za kutia ngozi rangi ya kahawia polepole, ambazo Wazungu huzitumia ili waonekane wamepigwa na jua. Kiini chake ni aina ya sukari iitwayo dihidroksiasetoni, huandikwa DHA kwenye chupa. Katika miaka ya 1950, huko Cincinnati, Marekani, mtafiti Eva Wittgenstein alikuwa akiwanywesha watoto wagonjwa sukari hiyo, akaona kwamba matone yakimwagika ngozi hugeuka kahawia. Rangi hushika tabaka la juu la ngozi tu, kama hina ishikavyo, kisha hufifia kwa siku 5 hadi 7. Haiponyi barasi, huisitiri.

Kwanza, aonwe daktari wa ngozi, kwani si kila baka jeupe ni barasi. Baka lisilohisi mguso huenda likawa ukoma, nao una tiba.

Pili, krimu ijaribiwe mkononi kwa siku moja. Isipowasha, uso uoshwe na kukaushwa vizuri baada ya sala ya Isha. Kwa kijiti chenye pamba, baka lipakwe kidogo sana, bila kugusa ngozi nzima iliyo kando, wala macho, midomo na nyusi. Maji ya mapema huacha michirizi, ndiyo maana usiku wafaa: hadi Alfajiri rangi imekwisha kushika. Siku ya pili litazamwe mchana, lipakwe tena usiku, hadi rangi zikaribiane. Asiwe na pupa. Rangi iliyozidi haina budi kusubiriwa ififie.

Tatu, rangi hii si kinga ya jua. Baka huungua upesi, basi mwavuli na mafuta ya kuzuia jua visiachwe.

Kuhusu udhu, rangi tupu isiyoacha ukoko wa kuzuia maji ina hukumu ya hina. Na kusitiri kasoro si sawa na kuikataa sura tuliyoumbwa nayo: Mtume (S.A.W.) alimruhusu sahaba Arfaja, aliyekatwa pua vitani, aweke pua ya dhahabu. Mwenye shaka amuulize shekhe wake.

Nanyi akina mama wa mume, mkumbuke kuwa binti huyo hana deni la uso kwa mtu yeyote. Akipenda kulisitiri baka, tumsaidie. Akipenda kuliacha wazi, tumpokee vivyo hivyo.

Allah awape mabinti zetu afya na stara. Wabillahi taufiq.