Hesabu ya kifungo cha Marekani si hesabu ya Shimo la Tewa

Januari 2017, ndugu Baktash na Ibrahim Akasha walitolewa Kenya wakapelekwa New York. Oktoba 2018 walikiri mashtaka, yakiwemo ya dawa za kulevya. Agosti 2019 Baktash alifungwa miaka 25, na Januari 2020 Ibrahim akafungwa 23. Huku Mombasa nilisikia hesabu nyingi barazani: akiwa na nidhamu thuluthi itaondoka, kwa hivyo miaka 25 ni kama 16 na miezi kadhaa tu.

Sina nia ya kutetea biashara ya unga. Imewamaliza vijana wetu kutoka Lamu hadi Likoni. Lakini jamaa za mfungwa hawakushtakiwa, na hesabu potofu huwaumiza wao kwanza: mke anayengoja, mama mzee anayeuliza kama atamwona mwanawe kabla ya kufa.

Hesabu ya thuluthi ni ya Kenya. Sheria yetu ya Magereza humpunguzia mfungwa mwenye nidhamu thuluthi moja ya kifungo, isipokuwa kifungo cha maisha na makosa fulani. Katika magereza ya shirikisho ya Marekani, parole iliondolewa kwa makosa yaliyotendwa tangu Novemba 1987. Kilichobaki ni punguzo la hadi siku 54 kwa kila mwaka wa kifungo. Kwa miaka 25 hizo ni siku 1,350, yaani miaka 3 na miezi 8 hivi. Muda wa rumande kabla ya hukumu huhesabiwa, lakini jumla, pamoja na rumande hiyo, bado ni zaidi ya miaka 21.

Sheria ya mwaka 2018 iitwayo First Step Act iliongeza punguzo kwa wanaohudhuria mafunzo gerezani. Hata hivyo, makosa kadhaa hayamo, na mgeni aliyekwisha kutolewa amri ya mwisho ya kufukuzwa nchini hawezi kulitumia. Mkenya asiye raia aulize hilo mapema.

Kwa sababu ya ugumu huu, Marekani imezuka kazi ya washauri wa gereza. Wako mawakili, wako waliowahi kufungwa, wako maafisa wa magereza waliostaafu. Hulipwa kumtayarisha mshtakiwa kwa maisha ya ndani. Wengi hudhani kazi yao ni kufundisha namna ya kuishi na wafungwa wenzako. Kwa maoni yangu, kazi yenye thamani zaidi huwa kabla ya hukumu, kwenye karatasi.

Kule zaidi ya washtakiwa 9 kati ya 10 wanaohukumiwa huwa wamekiri. Baada ya kukiri, afisa wa probesheni wa mahakama humhoji mshtakiwa kuhusu familia, afya, elimu, kazi, fedha na uraibu, kisha huandika ripoti. Mshtakiwa huipata angalau siku 35 kabla ya hukumu, na ana siku 14 za kupinga makosa yaliyomo. Jaji huitumia ripoti hiyo. Halafu Idara ya Magereza nayo huitumia kuamua apelekwe gereza gani na atibiwe nini. Kosa lisiposahihishwa humfuata miaka yote.

Hapa ndipo aibu yetu ya Kipwani inapotuponza. Sisi huficha ugonjwa, na uraibu tunauficha zaidi. Kumbe magereza hayo yana mpango wa tiba ya uraibu ambao, kwa wasio na makosa ya ukatili wanaostahiki, unaweza kupunguza hadi miezi 12. Asiye na ushahidi wa uraibu wake ni vigumu kuingia. Karatasi za kliniki ya kisukari, za akili au za methadoni ziko nyumbani kwetu, si New York. Jamaa wazitafute na kumpelekea wakili kabla ya mahojiano. Mwislamu naye aitaje dini yake tangu anaposajiliwa, kwa ajili ya chakula na mfungo wa Ramadhani.

Tahadhari moja. Yeyote anayekuahidi gereza fulani kwa malipo anakudanganya. Hata jaji hupendekeza tu, na Idara ya Magereza ndiyo huamua. Asiye na uwezo anayo haki ya wakili anayelipwa na serikali, na maswali haya yote anaweza kuulizwa wakili huyo bila senti moja. Mkenya aliyekamatwa pia ana haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe, chini ya Mkataba wa Vienna wa 1963.

Na huku kwetu je? Kijana wa Kisauni anayepelekwa Shimo la Tewa hutayarishwa na nani? Mahakama zetu pia huagiza ripoti ya afisa wa probesheni kabla ya hukumu. Afisa akifika mtaani, majirani hufunga milango wakidhani ni mpelelezi, na ripoti huandikwa bila neno jema la mtu yeyote. Kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinataka muda wa rumande uzingatiwe katika kifungo, lakini wangapi wanajua kumkumbusha hakimu? Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2016.

Kwa hivyo nawaomba maimamu, wazee wa mitaa na mawakili wa Pwani: tengeni siku moja kwa mwezi, msikitini au ukumbini, jamaa za mahabusu waelezwe mambo haya bure. Afisa wa probesheni akibisha hodi, mfungulieni, mwambieni ukweli. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini mwogaji aambiwe kina chake kabla hajaingia.