TAIRI LIKISUGUA, DEREVA ASILIPE



Liko jambo moja katika kazi ya motokaa ambalo twataka kulisema waziwazi, kwa sababu wengi hulifanyia mzaha na hasara yake huishia mifukoni mwetu. Jambo lenyewe ni hili. Mwenye gari hulishusha gari lake chini, kisha hulivika rimu kubwa kuliko zile lililotoka nazo kiwandani. Gari hupendeza macho. Siku chache zikipita tairi huanza kusugua madigadi, na hapo maneno huanza: fundi ni mjinga, dereva hajui kuendesha, bei ya tairi ikatwe katika mshahara.

Hapa Plateau, na njia yote ya kwenda Eldoret, magari mengi ya kazi huinuliwa, hayashushwi. Probox hutiwa springi nene ili ichukue watu na viazi. Lakini mtindo wa gari la chini na rimu kubwa umeingia pia, na Eldoret ikiwa imepata hadhi ya jiji mwaka 2024 hautapungua. Tena gari la fahari la Jumapili ndilo teksi ya Jumatatu. Tajiri alilipamba kwa ajili yake mwenyewe, kisha akampa dereva atafute pesa nalo.

Sisi hatukatazi urembo. Mali ni ya mwenyewe, na gari la chini lenye rimu kubwa laweza kwenda bila kusugua hata kidogo. Tunalokataa ni kufanya kazi hiyo kwa kukisia. Kama tairi litasugua au halitasugua, jambo hilo laweza kujulikana kwa kipimo kabla ya nati moja kukazwa. Basi asiyetaka kupima ndiye alipe.

Tuanze na hesabu, maana fundi asiye na hesabu hana la kumjibu tajiri. Chukua gari dogo lenye tairi la 175/65R14. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, yaani sehemu 65 katika kila 100 za upana. Ya tatu ni rimu ya inchi 14. Ubavu mmoja ni milimita 114 hivi. Ukihesabu bavu mbili, la juu na la chini, ukaongeza rimu, kimo cha gurudumu zima ni milimita 583.

Tajiri ataka rimu ya inchi 15. Akinunua tairi la 185/55R15, kimo kizima ni milimita 584 na nusu. Rimu imekuwa kubwa, lakini gurudumu halikuongezeka ila kwa unene wa kucha. Akinunua tairi la 195/65R15 kwa sababu amelikuta kwa bei nafuu, kimo ni milimita 634. Gurudumu limekua kwa milimita 51, na nusu yake, milimita 25 na zaidi, hupanda juu kuelekea madigadi. Rimu ni ile ile ya inchi 15, lakini tairi moja laenda salama na jingine latafuna chuma.

Tena gurudumu likikua hivyo, mita ya mwendo husema uongo. Kama ilikuwa sahihi na tairi la kwanza, basi isomapo kilomita 80 kwa saa gari laenda 87. Mwendo wa magari ya abiria usipite 80. Dereva ataona mita yake ni safi, na askari atamwandikia kosa.

La pili ni upana na mahali rimu inapokaa. Ndani ya rimu huchongwa herufi ET na namba. Namba hiyo ni milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale rimu inapolala juu ya habu. Namba ikipungua, gurudumu hutoka nje; ikizidi, huingia ndani. Tuseme rimu ya zamani ilikuwa na upana wa inchi 5 na nusu, ET45, na mpya ni inchi 7, ET35. Upana umeongezeka milimita 38, yaani 19 kila upande. Juu ya hayo ET imelisukuma gurudumu nje kwa milimita 10. Basi ukingo wa nje umetoka milimita 29, na ukingo wa ndani umeingia milimita 9. Upande wa nje uko mdomo wa madigadi. Upande wa ndani ziko shokomzoba na mpira wa breki. Mpira wa breki ukisuguliwa mpaka ukatoboka, hapana tena habari ya urembo.

La tatu ni kule kushusha kwenyewe. Gari likishushwa sentimita 4, gurudumu limepungukiwa na sentimita 4 za kupanda. Wako wanaokata springi kwa msumeno wa umeme, na wako wanaozipasha kwa gesi mpaka zikalala. Springi iliyopashwa moto hivyo imepoteza ugumu wake, nayo huzidi kulala mzigo unapoingia. Springi iliyokatwa fupi mno yaweza kutoka mahali pake gurudumu linaponing'inia. Anayetaka gari la chini na anunue springi zilizotengenezwa fupi kwa gari hilo. Kama hana pesa za springi, hana pesa za kulishusha.

Sasa kupima. Gari lililosimama tupu gerejini halisemi kweli. Funga magurudumu mapya, kisha pakia mzigo. Sisi wa Uasin Gishu hatukosi mzigo wa kupimia: magunia manne ya mahindi ya kilo 90 ni kilo 360, sawa na watu wazima watano. Paka chaki pande zote za tairi na juu yake. Kata usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia. Pandisha gurudumu moja juu ya kipande cha mbao, ukate usukani tena. Zunguka polepole, panda tuta, ingia shimoni, urudi. Pale chaki ilipofutika bila kugusa barabara ndipo tairi linaposugua. Kwa kawaida la mbele husugua unapokata kona, na la nyuma husugua abiria wanapojaa.

Tena tusipime kwa barabara ya lami peke yake. Mvua ikinyesha udongo wetu hushika tairi, hujaa katika madigadi, ukachanganyika na vijiwe na kuwa kama tupa. Nafasi ya kupenyeza karatasi haifai huku. Sisi twasema, mzigo ukiwa umejaa na usukani umekatwa mpaka mwisho, nafasi isipungue unene wa kidole kimoja.

Kama linasugua kidogo, ziko dawa za haki. Badili tairi, uchukue lenye kimo cha kiwandani. Chagua rimu nyembamba kidogo, au yenye ET iliyo karibu na ile ya kwanza. Kunja mdomo wa ndani wa madigadi, lakini pasha rangi moto kwanza isipasuke, maana rangi iliyopasuka huleta kutu. Weka raba ya kugotea iliyo ndefu zaidi, ili gurudumu lisimame kabla ya kufika kwenye chuma. Au pandisha gari sentimita mbili tu, na uzuri wake utabaki. Kisha tazama namba ya uzito iliyo ubavuni mwa tairi: 82 maana yake kilo 475 kwa tairi moja. Tairi jipya lisiwe na namba ndogo kuliko la kwanza.

Ziko pia dawa za uongo. Kuweka spesa ili rimu iache kugusa ndani, na boliti zikabaki zile zile fupi, ni kutega mtego. Nati lazima ishike uzi wa boliti kwa urefu usiopungua unene wa boliti yenyewe. Boliti ya milimita 12 yataka milimita 12 za uzi. Kujaza upepo kupita kiasi si dawa. Kumwambia dereva asikate kona kali si dawa pia, maana mtoto akikimbilia barabarani dereva atakata tu.

Na tuwe wakweli kwa mwenye gari. Hata kazi ikifanywa vizuri, ubavu wa 185/55R15 ni mfupi kwa milimita 12 kuliko ule wa 175/65R14. Raba kati ya rimu na jiwe imepungua, na shimo moja laweza kuikunja rimu. Mwambie mapema, ili asije akasema kesho ni dereva.

Sasa tuje kwenye mshahara. Tangu kiwanda cha Sameer Africa cha Nairobi kilipoacha kutengeneza matairi mwaka 2016, tairi jipya tunalonunua limevuka bahari, na bei yake humuuma kila mtu. Ndiyo maana likiliwa na madigadi tajiri hutafuta wa kulipa, na aliye karibu naye ni dereva. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yasema kwamba mshahara waweza kukatwa kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanya kazi ameiharibu kwa kosa la kusudi, na kwa kiasi cha haki tu. Dereva hakuchagua rimu. Hakukata springi. Kosa lake la kusudi liko wapi?

Upande wa pili, Sheria ya Barabarani, Sura ya 403, yataka gari na vyombo vyake vyote, pamoja na matairi, viwe katika hali isiyowatia hatarini watu wa barabarani wala waliomo garini. Askari akilisimamisha gari, wa kwanza kuulizwa ni aliyeshika usukani. Kwa hiyo kunyamaza si salama kwa dereva. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanya kazi amwarifu msimamizi wake mara moja aonapo hatari kubwa iliyo karibu, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha penye hatari hiyo kabla ya kuiondoa. Basi dereva akisikia tairi linasugua, aseme siku ile ile. Apige picha, amtumie tajiri kwa simu, aitunze. Kikulacho ki nguoni mwako, na tairi linaloliwa ndani ya madigadi halionekani na apitaye njiani. Dereva ndiye anayelisikia.

Twajua jibu la wenzetu mafundi: "Nikikataa, mteja ataenda kwa fundi wa pili, na watoto wangu watalala njaa." Maneno hayo ni ya kweli, na hatuyadharau. Fundi mmoja akikataa, amepoteza kazi ya siku moja. Lakini mafundi wote wa Plateau wakisema neno moja, mteja hana pa kwenda ila aende mpaka mjini, na mjini nako wako wenzetu. Ndiyo kazi ya chama. Haki ambayo mtu mmoja hawezi kuidai peke yake, wengi huidai pamoja.

Kwa hiyo sisi twashauri mambo matatu, yajadiliwe katika mkutano wa tawi. Kwanza, gereji zetu zote zikubaliane kwamba hakuna rimu kubwa itakayofungwa kwenye gari lililoshushwa bila kupimwa kwa mzigo na kwa chaki, na kazi ya kupima iwe na malipo yake. Pili, kila fundi awe na daftari. Aandike namba ya gari, tairi la zamani na jipya, ET ya rimu, na jina la aliyeagiza, kisha mwenye gari atie sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na heshima ya fundi nayo hupotea vivyo hivyo. Tatu, dereva yeyote atakayekatwa mshahara kwa tairi lililosuguliwa, wakati alikwisha kutoa habari, alete jambo hilo chamani kabla ya kukubali.

Wako watakaosema chama kina mambo makubwa kuliko rimu na madigadi. Sisi twaona mambo makubwa ya mfanya kazi hukaa humo humo katika madogo: katika nati iliyoshika nusu, katika shilingi mia chache zilizokatwa mwisho wa mwezi bila maelezo. Mwenye gari ana haki ya kulipenda gari lake. Dereva naye ana haki ya kufika nyumbani na mshahara wake mzima, na fundi ana haki ya kulala usiku bila kuogopa simu.

Ndugu, mkutano wa tawi ukifika njoni na madaftari yenu, na wale wenye vipimo vya magari mbalimbali wavilete, ili tuvikusanye kwa faida ya wote.

Umoja ni nguvu.